SAHANI YA KUPIMIA MAJI

Mvua kubwa ikinyesha, mto Simiyu hugeuka rangi ya udongo. Mto Duma wa upande wetu wa Bariadi nao unamwaga humo. Udongo ule ni wa mashamba yetu! Unapita Magu, unaingia Ziwa Victoria.

Nani anajua ni mwingi kiasi gani? Wapo wataalamu wa maji na ardhi oevu. Ardhi oevu ni mahali panapotuama maji au matope, kama kwenye mafunjo.

Sisi tulidhani wanatumia mashine za bei kubwa tu. Kumbe chombo chao kimoja ni sahani! Ina upana wa sentimeta 20, rangi nyeupe na nyeusi, na kamba yenye alama. Mtaalamu huishusha majini akiwa mtumbwini. Ikipotea machoni, anasoma alama na kuandika. Padre Angelo Secchi wa Italia aliijaribu baharini mwaka 1865. Wataalamu wa bahari wanaitumia hadi leo.

Maji yakiwa machafu, sahani inapotea upesi. Lakini mwani nao huyatia maji ukungu, kwa hiyo wanachota maji wakayapime. Mafunjo hupunguza mwendo wa maji, udongo ukatua. Sasa jamani, tukiyafyeka yote?

Binti yako anapenda kuuliza-uliza? Msaidie asome hesabu, kemia na baiolojia. Nyegezi, Mwanza, kuna chuo cha uvuvi. Zanzibar kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu 1978. Ajue tu kwamba kazi yenyewe ina matope, na viboko wapo.

Swali: Sahani ilipotea kwenye mita 2 mwezi Agosti, na nusu mita baada ya mvua. Maji yalikuwa maangavu zaidi lini?