Kusafisha Motokari kwa Nje: Rangi, Kromu na Mipira



Leo tunaingia katika kazi ambayo wengi wanaidharau. Wanasema: "Kuosha gari? Ile ni kazi ya watoto, maji na sabuni, basi." Lakini tunajua kwamba wenzetu wengi wanaosha motokari na pikipiki siku ya posho, huku Kirungu na kule Port, ili kupata franka za madaftari au kumalizia minervali. Mtu akikwaruza rangi ya motokari ya mzee fulani, hatalipwa, tena pengine atadaiwa yeye. Na katika mipira kuna neno kubwa kuliko uzuri. Tutalifikia.

Tuanze na vumbi. Wakati wa kiangazi motokari inayotoka barabara ya Kalemie inafika hapa ikiwa nyekundu yote, hata huwezi kujua rangi yake. Wekundu ule ni kutu ya chuma iliyomo ndani ya udongo wetu. Yenyewe ni laini. Ubaya uko katika punje ndogo za mchanga mweupe zilizochanganyika nayo. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga ugumu wa mawe kwa namba, toka 1 mpaka 10. Punje hizo, zinazoitwa kwarzi, ziko kwenye 7. Kioo cha dirisha kiko kati ya 5 na 6. Kama punje ina nguvu ya kukwaruza kioo, rangi itafanya nini mbele yake? Kwa sababu hiyo, yule anayechukua kitambaa kikavu na kupangusa vumbi ili gari ing'ae upesi kabla mwenyewe hajatoka dukani, anapiga msasa. Atazame kapo kwa upande jua linapowaka: ataona mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui.

Basi maji kwanza, mengi, bila kugusa na mkono. Yaanze juu ya paa na kushuka. Matope ya chini, karibu na magurudumu, yaloweshwe na kuachwa kidogo yalegee. Ndipo sabuni. Tunatumia ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara. Mtu mwenye ndoo moja anachota mchanga ule ule na kuurudisha juu ya rangi. Kitambaa kikianguka chini, kisirudi kwenye kazi mpaka kisafishwe vizuri.

Sabuni gani? Sabuni ya kipande inayopikwa kwa mawese na soda inafaa kufua nguo, lakini mpikaji akizidisha soda, sabuni inakuwa kali. Inaondoa nta yote iliyolinda rangi, na kwenye magurudumu ya aluminiumu inakula chuma na kuacha madoa meusi. Sabuni laini ya kuoshea sahani ni afadhali. Ikikosekana, tumieni kidogo ile ya kipande, tena isikauke juu ya rangi.

Na mahali pa kuoshea? Wengi wanapenda kuingiza motokari ndani ya mto au kando ya ziwa, maana maji yako pale bure. Sisi hatukubali. Kwanza, watu wanateka maji ya kunywa palepale, na mafuta ya motoro hayaondoki kwa kuchemsha. Pili, ndagala na mikeke wanaishi katika maji hayo. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walieleza kwa nini samaki wa aina ya salmoni walikuwa wanakufa katika vijito vya upande wa Seattle kila mvua iliponyesha. Sababu ilikuwa dawa inayotiwa ndani ya mipira ya motokari ili isipasuke. Dawa hiyo ikikutana na hewa ya ozoni inageuka sumu, na mvua inaipeleka mtoni. Samaki yule hayuko katika Tanganyika, lakini mipira ni ileile. Tatu, maji ya ziwa letu yana chumvi za mawe nyingi kuliko maji ya mvua. Yakikauka juani yanaacha alama nyeupe za mviringo juu ya rangi na vioo. Chukueni maji kwa bidoo, osheni mbali na kingo, chini ya kivuli, kisha pangusa kwa kitambaa safi kabla maji hayajakauka. Lakini msichague kivuli cha mwembe. Utomvu wake na mavi ya ndege vinakula rangi. Vikiangukia, viloweshwe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika chache, visikwanguliwe na ukucha.

Sasa rangi yenyewe. Motokari nyingi za zamani zilipakwa rangi ya aina moja tu mpaka juu. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vinapaka rangi, kisha juu yake verni isiyo na rangi. Kujua gari iko ya namna gani ni rahisi: chukua kitambaa cheupe chenye dawa kidogo ya kung'arishia, sugua mahali padogo pasipoonekana. Kitambaa kikipata rangi ya motokari, hakuna verni. Kisipopata, verni iko. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Rangi ya zamani ikichomwa na jua inakuwa kama unga wa chaki. Ukisugua unga ule kwa utaratibu, rangi nzuri ya chini inatokea, na mwenye gari atadhani umepaka upya. Lakini verni ina unene wa sehemu 4 au 5 za mia za milimeta, pungufu ya unywele wa kichwa. Ukiisugua kila mwezi itakwisha. Na ikianza kubambuka kama ngozi ya nyoka, hakuna dawa ya kupaka itakayoirudisha. Ni kazi ya fundi wa rangi. Mwambieni mwenye gari mapema, msimpokee fedha zake kwa ahadi ya uongo.

Baada ya kuosha na kung'arisha, rangi inahitaji nta. Wengine wametuuliza kama nta ya nyuki inafaa, kwa kuwa dawa za dukani ziko na bei. Inafaa, lakini si kila mahali. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye joto la digri 62 mpaka 64. Bati la kapo, saa saba mchana, linaweza kufika karibu na joto hilo; nta inalegea, na vumbi linashikamana nayo. Nta iliyo ngumu zaidi ni ya karnauba, inayotoka katika majani ya mnazi-mwitu wa Brezili. Yenyewe inayeyuka juu ya digri 80. Ndiyo maana mikebe ya dukani inaisifu. Sisi tunaweka nta ya nyuki kwenye kromu, ndani ya kingo za milango na chini ya mabati, ambapo jua halifiki. Kuitengeneza: yeyusheni nta katika kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kisha toeni kopo, mlipeleke mbali kabisa na moto, ndipo mtie terebentini na kukoroga mpaka ipoe. Terebentini inashika moto upesi sana. Kazi hii isifanyike jikoni kwa mama, wala bila mwalimu.

Kromu ni ile ngozi inayong'aa kama kioo kwenye vyuma vinavyokinga gari mbele na nyuma, na kwenye pikipiki kuna nyingi. Wengi wanafikiri chuma chote ni kromu. Hapana. Kromu ni utando mwembamba mno juu ya nikeli, na nikeli iko juu ya chuma. Utando una vitundu visivyoonekana na macho. Maji yakipita humo, kutu inaanza chini na kutokea juu kama vipele. Usisugue na mchanga, wala na waya wa chuma. Chukua karatasi ya aluminiumu, hata ile ya ndani ya pakiti ya sigara (ya kuokota, hatumtumi mtu kununua sigara!), ichovye majini, sugua polepole. Aluminiumu ni laini kuliko kromu lakini inaondoa kutu ya juu. Kausha, kisha paka nta mara moja.

Kwa nini nta au grisi inazuia kutu? Kwa sababu chuma hakipati kutu bila maji na hewa pamoja, na mafuta yanafunga mlango. Ziwa letu lina mfano mkubwa. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, adui asiichukue. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashini zake grisi nyingi sana. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mashini bado zinaweza kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya maji, na grisi ilifanya kazi yake.

Tunafika kwa plastiki nyeusi na kanda za kaushu kando ya milango na vioo. Jua linazigeuza kuwa za kijivu. Hapo vijana wengi wanakimbilia mazuti au petroli ya taa. Ni kweli, kitu kinakuwa cheusi sana, siku mbili tatu. Lakini mafuta ya aina hiyo yanaingia ndani ya kaushu, yanaivimbisha na kuilegeza. Baadaye inapasuka, na mvua inaingia ndani ya gari. Hata mawese hayafai: yanakusanya vumbi na kunuka. Kwa kanda za kaushu nunueni gliserini farmasini, changanyeni na maji kidogo, pakeni kwa kitambaa. Haiharibu kaushu. Kwa plastiki iliyokuwa ya kijivu kabisa, dawa ya silikoni inasaidia kwa muda. Msimwambie mtu kwamba itakaa mwaka mzima.

Sasa mipira.

Kaushu ya kwanza iliyotoka nchi yetu ina habari ya uchungu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba kaushu ikipikwa pamoja na kiberiti haiyeyuki wakati wa joto wala haipasuki wakati wa baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, huko Belfast, alitengeneza mpira wa hewa kwa baiskeli. Ulaya na Marekani zikataka kaushu nyingi, na wakati huo Kongo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, toka 1885 mpaka 1908. Watu walilazimishwa kukata mitambaazi ya kaushu msituni. Kijiji kilichopunguza kiasi kiliadhibiwa, wengine wakakatwa mikono. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mprotestanti Alice Seeley Harris alipiga picha ya mtu aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa. Picha ile ilionyeshwa Ulaya na Marekani, ikasaidia kuwafumbua watu macho. Siku hizi mipira mingi ina kaushu ya viwandani pia, lakini ni vizuri anayeinama kuosha mpira ajue kilichopita.

Kuosha mpira ni brashi ngumu, maji na sabuni, ubavu wa nje na, kama mkono unafika, wa ndani. Mkiona ubavu una rangi ya kahawia, msishangae. Ni ile dawa ya kuzuia ozoni. Inatoka ndani polepole na kukaa juu, kwa kuwa kazi yake iko juu. Msiisugue mpaka iishe yote.

Kisha tazameni, hapa ndipo kazi yetu inakuwa na faida. Mwezi uliopita tuliosha motokari moja iliyokuwa tayari kwenda Kalemie na watu tisa na mizigo. Matope yalipotoka, tuliona ufa katika ubavu wa mpira wa nyuma, mrefu kama kidole, na nyuzi za ndani zikionekana. Shofere alitazama, akanyamaza, kisha akasema: "Banafunzi, mimi nilikuwa nataka mupake tu dawa nyeusi." Safari ikangoja mpira mwingine. Kwenye mteremko wa kushuka Port, mpira ule ungepasuka wapi?

Dawa nyeusi inaweza kuficha mambo. Wako wachuuzi wanaopaka rangi mpira mzee na kuuza kama mpya. Lakini mpira una cheti cha kuzaliwa kwake. Tafuteni ubavuni herufi DOT; mwisho wa mstari ule kuna namba nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Namba 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, mpira ulitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hata ukiwa na meno marefu usipande gari hiyo. Wakati mwingine namba ziko ubavu wa ndani, basi inameni. Tena ndani ya mifereji kuna vigongo vidogo vyenye kimo cha milimeta 1.6. Meno yakilingana na vigongo, mpira umekwisha.

Na msipake kitu cha utelezi kwenye meno ya mpira, wala kwenye kiti au pedali za pikipiki. Ubavu tu, na kwa pikipiki hata ubavu tunauacha, maana pikipiki inalala inapokata kona.

Maulizo ya kujibu katika daftari:

1. Kwa nini kupangusa vumbi kavu ni sawa na kupiga msasa?
2. Utajuaje kama motokari ina verni, na kwa nini utajue kabla ya kusugua?
3. Mashini za Graf von Götzen ziliponaje chini ya maji?
4. Mpira una namba 4817. Ulitengenezwa lini, na leo una umri gani?
5. Nendeni, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwenye motokari au pikipiki moja. Andikeni namba za mipira yake yote, na nyufa mlizoona. Leteni karatasi kwa mwalimu siku ya pili.