Laini moja ya intaneti, kompyuta mbili: hesabu yake ikoje?

Nyumba nyingi za mijini siku hizi ni ofisi pia. Chukua mfano wa mtunza hesabu anayefanyia kazi zake sebuleni, na binti yake anayesoma chuo. Kila mmoja ana kompyuta yake, lakini laini ya intaneti ni moja. Je, walipie ya pili?

Iwapo laini moja inagharimu Sh 60,000 kwa mwezi, ya pili itaongeza matumizi ya nyumba kwa Sh 720,000 kwa mwaka. Kabla ya kuingia gharama hiyo, ni vyema kufahamu jinsi laini moja inavyogawanywa.

Kwa kawaida laini ya nyumbani hupewa anwani moja tu ya intaneti. Kompyuta mbili huitumiaje? Kazi hiyo hufanywa na ruta, kwa utaratibu wa kubadilisha anwani uliochapishwa mwaka 1994. Ruta hushika anwani ya nje, kisha huzipa kompyuta anwani za ndani, mathalani zinazoanza na 192.168. Huweka kumbukumbu ya kompyuta ipi imeomba nini, na jibu likirudi hulifikisha kwa mwenyewe. Ni kama Sanduku la Posta: namba ni moja, barua ni za watu wengi.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na kompyuta yenyewe. Toleo la pili la Windows 98, lililotoka mwaka 1999, liliiwezesha kompyuta yenye modemu kuigawia nyingine. Kasoro yake ni kwamba ya kwanza ikizimwa, ya pili nayo hukosa huduma. Ruta imeondoa tatizo hilo.

Hata hivyo, kugawana laini si kuongeza kasi. Tuseme laini ina kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Faili la megabaiti 600 ni sawa na megabiti 4,800, hivyo litachukua sekunde 480, yaani dakika 8. Kompyuta zote mbili zikishusha mafaili ya ukubwa huo kwa wakati mmoja, na kila moja ikapata nusu, kila faili litachukua dakika 16. Iwapo kifurushi kinapimwa kwa megabaiti, nacho kitakwisha mapema zaidi.

Hivyo basi, mambo manne yazingatiwe. Kwanza, kompyuta ya kazi iunganishwe kwa waya badala ya kutegemea mawimbi. Waya wa kawaida hufika hadi mita 100. Pili, mafaili makubwa yashushwe usiku, kazi zikiwa zimekwisha. Tatu, nywila iliyokuja na ruta ibadilishwe, na mafaili ya wateja yasiachwe wazi kwa kompyuta nyingine za nyumbani. Nne, mkataba usomwe kabla ya kumgawia jirani kwa malipo, kwani huenda umekataza.

Kwa mtunza hesabu wetu, uamuzi utategemea saa za kazi. Iwapo yeye hutuma hesabu za wateja asubuhi na binti hutumia intaneti jioni, laini moja inatosha. Iwapo wote wawili huihitaji saa ile ile, kwanza alinganishe bei ya kuongeza kasi ya laini iliyopo na ile Sh 720,000. Laini ya pili ina faida moja ambayo kasi haileti: ya kwanza ikikatika, kazi huendelea. Mwenye wateja wasiosubiri aiweke faida hiyo katika hesabu yake.