SOMO: Waliohamia Freetown na Ahadi ya Mashamba

Katika vikundi vyetu vya nyumba kwa nyumba swali la ardhi halikosekani: tutapewa wapi, kiasi gani, kwa karatasi gani, na wenyeji watasemaje? Jibu la swali hilo hatunalo. Tumeona afadhali tusome habari za watu wengine waliohamishwa zaidi ya miaka 200 iliyopita, ambao wengi wao walisafiri kanisa zima pamoja na mchungaji wao. Ndio waliojenga mji wa Freetown huko Sierra Leone, Afrika ya Magharibi, nchi iliyotawaliwa na Waingereza hadi mwaka 1961.

Wakati wa vita vya Marekani, 1775 hadi 1783, Waingereza waliwatangazia watumwa wa adui zao kwamba atakayetoroka na kuja upande wao atapata uhuru. Vita vikawashinda. Mwaka 1783 waliwapakia watu weusi wapatao 3,000 katika meli huko New York na kuwapeleka Nova Scotia, nchi ya baridi kali ambayo sasa ni sehemu ya Kanada. Majina yao yaliandikwa kitabuni, mmoja mmoja, pamoja na umri na sura ya kila mtu. Sisi tuliosimama kwenye foleni za kuandikishwa tunaijua kazi hiyo.

Waliahidiwa mashamba. Wengi hawakupata kitu, na waliopata walingoja miaka na kupewa mawe na vichaka. Basi wakaishi kwa vibarua vya ujira mdogo. Mwezi wa Julai 1784, askari weupe walioachishwa jeshi walisema weusi wanawaharibia mishahara, wakabomoa nyumba zao mjini Shelburne. Nyumba ya David George ilikuwa mojawapo. Huyu alizaliwa mtumwa Virginia, akatoroka, akawa mchungaji wa Wabaptisti. Walimpiga kwa fimbo na kumfukuza, lakini baadaye alirudi kwa kondoo wake.

Mwingine alikuwa Thomas Peters, aliyekuwa sajini katika jeshi la Waingereza. Yeye alichukua malalamiko ya wenzake, akavuka bahari mpaka London. Huko alikuta Kampuni ya Sierra Leone, iliyokuwa ikitafuta watu wa kukaa pwani ya Afrika. Kampuni ikamtuma Luteni John Clarkson kwenda Nova Scotia mwaka 1791 kuwaandikisha wanaotaka kwenda.

Hapa, wapendwa, tusome polepole. Tangazo la Kampuni lilisema kila mwanamume atapata ekari 20, mkewe 10, na kila mtoto 5. Lakini lilisema pia kwamba mashamba hayo yatakuwa chini ya malipo na wajibu utakaopangwa na Kampuni baadaye. Watu wakauliza: malipo gani? Clarkson akasimama katika kanisa la Birchtown na kuwaambia kwa kinywa chake kwamba hakutakuwa na kodi ya ardhi. Alikuwa mtu wa haki, na tunaamini alisema alivyoelewa. Watu walishika neno lake, Kampuni ikashika karatasi yake.

Watu 1,196 waliondoka Halifax katika meli 15 mwezi wa Januari 1792. Njiani walikufa zaidi ya 60. Walipofika walikata majani na kusimamisha mahema ya matanga ya meli, na Jumapili ya kwanza David George alihubiri chini ya tanga. Baada ya wiki kadhaa wakajenga kanisa la nguzo na fito lililoezekwa kwa nyasi. Wamethodisti nao walikuja na Moses Wilkinson, mhubiri kipofu. Kisha mvua zikaanza na homa ikaua wengi. Peters mwenyewe alikufa mwezi wa Juni mwaka huo huo.

Ardhi ile haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa ya Watemne. Mwaka 1787 Waingereza walileta kundi la kwanza, watu wapatao 400 kutoka London, wakatoa bidhaa kwa mtawala aliyeitwa King Tom. Mwaka 1788 wakapatana tena na mkubwa wake, Naimbana. Waingereza walihesabu wamenunua. Kwa desturi ya Watemne, mgeni hupewa mahali pa kukaa, naye huendelea kuleta zawadi na kumheshimu mwenye nchi. Mwaka 1789 askari wa manowari ya Kiingereza walichoma kijiji cha King Jimmy, naye akalipiza kwa kuuteketeza mji wa wale wageni wa kwanza. Wageni wale walilipia kosa la manowari.

Tuwarudie wa Nova Scotia. Mashamba yaliyopimwa yalikuwa madogo kuliko ahadi, na mengine yalikuwa juu ya vilima. Clarkson aliondoka mwisho wa 1792 na hakurudi tena. Mwaka 1793 wakawatuma Cato Perkins na Isaac Anderson London kupeleka malalamiko yao. Wakarudi mikono mitupu. Kisha Kampuni ikadai kodi, shilingi moja kwa kila ekari. Wengi walikataa, kwa kuwa mwenye kulipa kodi aliona kama amekiri kwamba shamba si lake. Makanisa hayakuwa na msimamo mmoja: Wamethodisti wengi walipinga, wakati Wabaptisti wa David George kwa sehemu kubwa walikaa kimya. Mwezi wa Septemba 1800 Anderson na wenzake waliandika sheria zao na kuzibandika mjini, na mapigano yakazuka.

Siku hizo hizo ikaingia meli yenye Wamaroon wapatao 550. Hawa walikuwa watu weusi waliofukuzwa kwao Jamaika, wakapelekwa Nova Scotia, kisha Afrika. Nao walikuwa wakingoja mashamba. Kampuni ikawapa silaha wawazime wale wa kwanza, nao wakafanya hivyo. Anderson alinyongwa, wengine wakahamishwa tena. Jambo hili limetuumiza kulisoma kuliko yote: mhamishwa kupigwa kwa mkono wa mhamishwa mwenzake, ili mwenye ghala la Kampuni abaki salama. Mwaka uliofuata Watemne nao walikuja kuushambulia mji.

Kwa vikundi vya wiki ijayo tusome Mwanzo 23, Ibrahimu anapotafuta mahali pa kumzika Sara katika nchi ya ugeni. Jadilianeni: bei ilitajwa mbele ya nani, na kwa nini Ibrahimu hakukubali kupewa bure? Wazee wanaokumbuka jinsi tulivyogawiwa viwanja vya kwanza hapa waombwe kusimulia, na kijana mmoja aandike.