Ukiingia Nyumba Yenye Mgonjwa wa Akili, Muulize Kwanza Aliyekesha

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipiga hodi kwenye nyumba ambayo kijana wao ameanza kusikia sauti, kila mtu humwelekeza kwenye chumba cha mgonjwa. Kabla hujaenda huko, tafuta ni nani ambaye hajalala. Mara nyingi ni mama, mke au dada mkubwa. Huyo ndiye anayejua mgonjwa amekula nini, ametoka saa ngapi na amemtishia nani, na tangu jambo lianze hakuna aliyemuuliza hali yake. Salimia kwa taratibu za nyumba ile, kaa unapokaribishwa, kisha muulize: "Na wewe mama, unapata usingizi?"

Swali hilo si la adabu tu. Yeye ndiye atakayehesabu vidonge, atakayetafuta nauli ya kliniki na atakayeamua kama mtarudi au mtaachia hapo. Akianguka yeye, tiba imekatika, hata kama daktari ameandika dawa nzuri kuliko zote. Kwa hiyo ziara ya kwanza mpe yeye muda mrefu zaidi. Nenda bila sare wala fulana ya mradi kama mtaa ni wa macho mengi, na mambo ya mgonjwa msiyazungumzie barazani.

Ukimuuliza ugonjwa umetoka wapi, huenda akakwambia mwanawe amerogwa, au ana majini, au ni mtihani wa Mungu. Usibishane. Muulize wameshakwenda kwa nani, walipewa nini, na baada ya hapo hali ilikuwaje. Majibu hayo yatakufundisha mengi kuhusu ugonjwa na kuhusu mfuko wa familia, maana wengine wameshauza mbuzi na shamba kabla hujafika. Mwambie dua na maombi viendelee, na vidonge viendelee. Lakini uwe na mpaka ulio wazi: mgonjwa asichapwe, asinyimwe chakula, asiachishwe dawa kwa amri ya mtu yeyote. Shehe, mchungaji na mganga wa eneo lako wafahamu mapema, kabla hujawahitaji. Wao huwaona wagonjwa kabla yako, na mganga aliyekwisha kunywa chai nawe ni rahisi zaidi kumpeleka mtu zahanati.

Sasa dawa. Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama, na ndipo ninapotaka ukae zaidi. Wewe huandiki dawa, lakini unaweza kuieleza familia mambo ambayo kliniki yenye foleni ndefu haikupata nafasi ya kuyaeleza. La kwanza ni muda. Mgonjwa anaweza kutulia na kulala katika siku chache za mwanzo, ila sauti na mawazo ya kutishwa huchukua wiki kadhaa kupungua. Dawa za sonona nazo huhitaji wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla mtu hajaona nafuu. Familia isiyojua hili huitupa dawa wiki ya kwanza kwa kuona haifanyi kazi.

La pili ni madhara. Mtu aliyeanzishiwa haloperidol anaweza, ndani ya siku chache, kupindika shingo, kugeuza macho juu au kukaza ulimi. Nyumbani watasema jini limepanda, na dawa itaishia chooni. Waambie kabla halijatokea: likitokea ni dawa, linatibika, mkimbizeni kituo cha afya siku hiyo hiyo na mwende na kadi. Kuna dawa ya kulituliza, na mara nyingi kiwango hurekebishwa. Mwenye kutumia chlorpromazine asiinuke ghafla kitandani, maana anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Mikono ikitetemeka, mate yakichuruzika au mwendo ukiwa mzito, hayo yaandikwe na yafikishwe kliniki. Mgonjwa asiyeweza kumeza vidonge kila siku, uliza kama anafaa kuwekewa sindano ya kila mwezi.

La tatu ni nafuu yenyewe. Mgonjwa anarudi shambani, anacheka na watoto, na mama anasema amepona, vidonge vya nini tena? Mwambie dawa ndiyo iliyomrudisha shambani, na kuipunguza ni kazi ya daktari. Halafu kaeni pamoja mwandike dalili za kwanza za nyumba hiyo. Kila mgonjwa ana zake: huyu huacha kuoga, yule huanza kutembea usiku, mwingine hukusanya makaratasi. Kukosa usingizi siku mbili mfululizo kuwe sababu tosha ya kukupigia simu bila kungoja tarehe ya kliniki.

Maneno ya nyumbani nayo yana uzito. Mtafiti George Brown na wenzake wa London walionyesha mwaka 1972 kwamba wagonjwa waliotoka hospitali na kurudi kwenye nyumba za lawama na ukali walirudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Hii haina maana kwamba familia ndiyo iliyomfanya augue, na uliseme hilo kwa sauti, kwa kuwa mama anayekusikiliza ameshajilaumu vya kutosha. Ina maana kwamba kuna la kufanya. Wafundishe kuzungumza na mgonjwa mmoja mmoja, kwa sentensi fupi, bila kumsema mbele ya wageni. Akisema anasikia sauti, wasimkubalie wala wasimkejeli. "Mimi siisikii, ila naona inakutisha" yatosha.

Na mwuguzaji akiwa yeye mwenyewe amezama? Tazama Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 Mbare, mjini Harare, na akina bibi 14, wahudumu wa jamii wasio na shahada ya utabibu, wanaokaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi humwacha mtu amwage yote yaliyomo moyoni, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja tu na hatua moja ndogo ya kulishughulikia kabla ya kukutana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 573, ulikuta baada ya miezi sita kwamba dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliopata huduma hiyo, dhidi ya 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Unaweza kufanya hivyo chini ya mwembe. Usimpe mama mpango wa maisha yake yote. Mwulize ni lipi likipungua wiki hii atapumua. Pengine ni shangazi mmoja kuja kukaa Jumanne ili yeye aende sokoni. Msaidie kumwomba huyo shangazi.

Ukiona amekata tamaa, au mgonjwa amekata tamaa, uliza waziwazi: "Umefikia kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, wengi hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia. Akikubali, uliza kwa njia gani na lini, asiachwe peke yake, sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vya akiba vitolewe ndani, na aende kituo cha afya siku hiyo. Kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, familia huficha. Waeleze umekuja kwa ajili ya matibabu.

Ukikuta mnyororo, usianze kwa kukaripia. Uliza alipofunguliwa mara ya mwisho kilitokea nini. Jibu litakuwa hofu fulani mahususi: alichoma paa, alipotea, alimpiga mtoto. Safisha kidonda cha kifundo, mwite muuguzi na afisa ustawi wa jamii siku hiyo, dawa ianze, na msiondoke bila mpango wa kumfungua na zamu ya watu wa kuwa naye.

Watoto wa nyumba hiyo husahaulika, nao husikia kila kitu. Wengi huamini baba ameugua kwa sababu wao walikuwa watundu. Mwite mtoto pembeni, mzazi akijua, umwambie ugonjwa haukutokana naye na hautamwambukiza. Mwonyeshe nyumba ya kukimbilia ikitokea vurugu, hata usiku. Na mwenye nyumba hiyo uwe umeshamwomba na amekubali kabla hujamtajia mtoto.