Macho ya Mnunuzi na Moyo wa Muuzaji: Jawabu Juu ya Nyumba ya Mau Narok

Ama baad. Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja wa mjini Mombasa. Alikwenda Mau Narok kumzuru mwanawe afanyaye kazi huko, akaonyeshwa nyumba ya mbao yenye shamba la ekari mbili. Imempendeza hata usingizi umemruka. Sasa ataka kuuza fungu lake katika nyumba aliyoiacha marehemu babake, apate thamani ya kuinunua ile. Auliza: je, sharia yamruhusu?

Jawabu ya neno moja ni kuwa yamruhusu. Mtu aliye baleghe na mwenye akili ana amri juu ya mali yake. Lakini chini ya swali hili pana swali jingine ambalo ndugu yetu hakuliandika, nalo ndilo lenye haja ya kujibiwa: anunua nyumba, au anunua furaha ya siku mbili alizokaa na mwanawe?

Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa ametukataza kuliana mali kwa batili, akaiacha biashara iliyo ya maridhiano. Basi ridhaa ndiyo nguzo ya mauzo. Na ridhaa i moyoni, na moyo huongozwa na macho, na macho huongozwa na kila kinachong'aa. Maulamaa wetu waliliona jambo hili zamani sana, wakalitungia hukumu. Kuna aliyedanganywa na mwenziwe, na kuna aliyejidanganya nafsi yake. Wawili hawa huenda wamepata khasara moja, lakini hukumu zao ni mbali mbali.

Mfano wa kwanza ni mnyama aliyezuiwa maziwa. Mtu alikuwa akiacha kumkama mbuzi au ngamia wake siku kadha, chuchu zikajaa, kisha akampeleka sokoni. Mnunuzi akiona yale maziwa hufikiri hivyo ndivyo alivyo kila siku. Mtume (s.a.w.) alikataza hila hiyo, akampa mnunuzi khiyari ya kumzuia mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Muuzaji hakutamka neno la uwongo hata moja. Ameyaacha macho ya mwenziwe yaseme uwongo kwa niaba yake, na hilo latosha kuwa udanganyifu. Mfano wa pili ni wa mtu aliyenunua kipande cha kioo, naye mwenyewe akidhani ni jiwe la thamani, muuzaji hakusema wala hakufanya lolote. Katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi, huyu hana khiyari. Amefanya upungufu kwa kutouliza, na khasara ni yake.

Twataka ndugu yetu azipime nafsi mbili hizi, aone yeye ni nani kati yao.

Mau Narok iko juu ya mgongo wa Mau, kwa njia ya Njoro ukitoka Nakuru, na kimo chake chapita mita 2,700 juu ya bahari. Ni nchi ya ngano na shayiri, viazi, njegere, kabichi na pareto, na ng'ombe wa maziwa na kondoo. Mtu aliyezaliwa katika vichochoro vya mji wa kale, ambako dirisha lako latazama dirisha la jirani, akisimama huko asubuhi ukungu unapoondoka, akaona kijani mpaka upeo wa macho, hawezi kulaumiwa moyo wake ukienda mbio. Udongo ni mzuri na hewa ni safi, hayo ni kweli. Lakini alikwenda siku mbili, na nyumba hukaliwa miaka. Je, ameuonja usiku wa baridi wakati umande unapoganda ukachoma majani ya viazi? Ameiona njia ya kwenda kwenye shamba lile baada ya mvua za mwezi wa Aprili? Mkewe, ambaye kwa maneno ya barua hajafika huko, mwenye maradhi ya viungo, atakaaje? Msikiti u umbali gani, na hospitali je? Maswali haya hayana uzuri wowote, na kwa sababu hiyo mtu aliyependa hayaulizi.

Muuzaji akikuita msimu ambao shamba lake limependeza, hilo twaona si udanganyifu, maana kila mtu hupiga deki kabla ya kuleta mgeni. Lakini akipaka rangi mpya juu ya ubao uliooza, au akiziba kwa karatasi ukuta wenye unyevu, huyo ni ndugu wa yule aliyezuia maziwa. Mtume alitia mkono wake ndani ya fungu la chakula sokoni, akakuta maji chini yake. Akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone. Mnunuzi wa nyumba naye na atie mkono. Apande darini, afungue kabati la jikoni, anuse.

Na hapa twataka kuwakumbusha wasomaji mas-ala ambayo katika siku hizi za picha za simu imesahauliwa kabisa. Imam Nawawi katika Minhaj ameitia nguvu kauli isemayo kuwa kuuza kitu ambacho wenye kuuziana hawajakiona hakusihi. Na maulamaa wameeleza kuona nyumba ni kuona nini: vyumba vyake, dari yake, sakafu ya juu, kuta za ndani na za nje, na mahali pa kuogea. Katika bustani, ni miti, kuta na mifereji ya maji. Twawajua watu waliokwisha kutoa fedha kwa picha saba zilizopigwa na dalali, nyumba kwa mbele tu!

Tukiacha macho, tuje kwenye bei. Katika mwaka 1987 wataalamu wawili, Northcraft na Neale, waliwapeleka madalali wa nyumba wa mji wa Tucson, Marekani, kuikagua nyumba. Wote walipewa maelezo yale yale ila bei iliyotangazwa tu ndiyo iliyobadilishwa. Walioonyeshwa bei ya juu waliithamini nyumba kwa juu, na walioonyeshwa ya chini wakaithamini kwa chini. Na aghlabu yao walikana kuwa ile bei iliwaathiri. Hawa ni watu wa kazi hiyo. Basi wewe uliyeambiwa na mwenye shamba, “Mimi nataka kadha, lakini kwa sababu ni wewe nitapunguza,” wajua kweli umepunguziwa? Kabla hujasikia bei yake, waulize watu wawili watatu wa pale waliouza na kununua mwaka ule, ujue ardhi yauzwaje.

Muuzaji naye ana maradhi yake. Katika mwaka 1990 Kahneman, Knetsch na Thaler walieleza majaribio ya vikombe waliyoyafanya katika chuo cha Cornell. Nusu ya wanafunzi walipewa kikombe, na nusu hawakupewa. Waliokuwa nacho walitaka kukiuza kwa kiasi cha mara mbili ya thamani waliyokubali kutoa wale wasiokuwa nacho. Kikombe cha dakika chache! Je, nyumba aliyofia mama yako? Na Genesove na Mayer waliotazama mauzo ya nyumba za Boston za miaka ya 1990 walikuta kuwa waliozinunua kwa bei kubwa, kisha soko likaanguka, walitaka bei ya juu kuliko wengine, na nyumba zao zikakaa zaidi bila kuuzika. Uchungu wa khasara uliwafanya waitoze soko deni ambalo soko halikuwakopa.

Ndugu yetu yeye ana maradhi kinyume cha hayo. Ameichoka nyumba ya babake kwa sababu ya maneno ya nduguze, na mtu aliyechoka huuza rakhisi. Hapa twamtanabahisha mambo mawili. Kwanza, limepokewa kwa Mtume onyo kwa mwenye kuuza nyumba au ardhi asiitie thamani yake katika kitu mfano wake, kwamba huenda asibarikiwe. Naye akinunua nyumba nyingine yuko salama na hilo, lakini akibakiwa na fedha mkononi na azitazame. Pili, fungu lake halijagawanywa, na nduguze ni washirika wake. Hadithi ya Jabir yamtaka mshirika asiuze mpaka amwarifu mshirika mwenziwe, atake kununua au aache. Na akimwuzia mtu wa nje, mshirika ana haki ya shufaa, kwa sharti zake zilizotajwa vitabuni. Kuuza kwa siri kwa ajili ya hasira ni kuongeza kesi juu ya ugomvi.

Limebaki jambo ambalo hakuligusa kabisa: kwa nini mwenye nyumba ile auza, tena kwa bei ambayo yeye mwenyewe asema “ni ya ajabu”? Sehemu za Nakuru zilipata fujo mwaka 1992, na tena 1998, na zaidi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walihamishwa kwa moto na mishale, na wengine wakauza mashamba yao kwa bei ya kutupa kwa sababu hawakuthubutu kurudi. Mwaka 2010, serikali ilipotaka kununua shamba Mau Narok iwape makazi waliofukuzwa, Wamaasai walisimama wakapinga, wakisema ile ni ardhi ya wazee wao iliyochukuliwa zama za Waingereza. Na upande wa msitu wa Maasai Mau, katika 2018 na 2019 watu waliondolewa, na miongoni mwao walikuwamo wenye hati mikononi. Hatusemi kuwa nyumba ile ina lolote katika haya. Twasema: rakhisi ina sababu, na sababu huulizwa. Ikiwa mwenyewe auza kwa khofu, maulamaa wametenga baina ya aliyelazimishwa na mtu, ambaye mauzo yake hayasihi, na aliyebanwa na shida, ambaye mauzo yake yasihi lakini kumpunja ni makuruhu. Muislamu hafurahii kuokota alichoangusha mwenziwe akikimbia.

Na tusisahau watu wa kwetu waenezao kuwa nyumba fulani ina mashetani, bei ishuke, kisha waje wainunue wao. Hiyo nayo ni hila, na jini mkubwa pale ni mnunuzi.

Basi akiisha kuona, akauliza, akamchukua mkewe akalala huko usiku wa baridi, na moyo wake ukawa ungali pale pale, na anunue. Afanye upekuzi katika daftari la ardhi, ajue hati ni ya nani na ina deni gani. Ardhi ya kilimo haiuzwi ila kwa idhini ya bodi ya ardhi, kwa kanuni ya mwaka 1967, na maombi hupelekwa katika miezi sita tangu mapatano. Bila ya idhini mapatano yale huhesabiwa si kitu. Asitoe arbuni kwa sharti kuwa akighairi yaliwa, kwani mauzo ya arbuni kwetu Mashafi hayasihi, ijapokuwa Mahanbali wameyajuzisha. Na fedha atakazotoa ziandikwe, zishuhudiwe, maana bodi ikikataa, kanuni yampa haki ya kuzidai kama deni, na deni lisiloandikwa ni tabu kulithibitisha kwa mtu aliyekwisha kuhama.