Mchoro wa Uchi Mtandaoni: Ni Nani Awajibikaye?

Wachoraji na wapiga picha wa Busia ya upande wetu, Uganda, na wenzao wa Busia ya upande wa Kenya, wamekuwa wakituletea swali moja kwa maneno mbalimbali: ikiwa tovuti ya sanaa imeupokea mchoro wa mwili usiovikwa nguo na kuuonyesha ulimwenguni, je, aliyeuchora yu salama? Swali ni la haki. Jibu lake linaanzia Marekani, kwa kuwa nyingi za tovuti hizo kubwa ni mali ya kampuni za huko, na masharti yake yameandikwa kwa kuzitazama sheria za huko.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1996, katika kifungu chake mashuhuri cha 230, husema kwamba mwenye tovuti hahesabiwi kuwa mchapishaji wa yale yaliyowekwa na watu wengine. Kinga hiyo ni pana, lakini haizuii mashtaka ya jinai ya serikali ya shirikisho, na hapo ndipo hofu ya kampuni inapoanzia. Katika kesi ya Miller ya mwaka 1973, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliweka kipimo cha uchafu chenye maswali matatu. Je, mtu wa kawaida, kwa viwango vya jamii yake, ataona kwamba kazi yote kwa ujumla imelenga kuamsha ashiki? Je, inaonyesha ngono kwa namna ya kuchukiza waziwazi, kama sheria ilivyoeleza? Je, imekosa thamani ya kweli ya fasihi, sanaa, siasa au sayansi? Ni lazima yote matatu yatimie. Kwa hiyo uchi pekee si kosa huko, na ndiyo maana tovuti nyingi huruhusu mwili uliochorwa na kukataa tendo la ngono.

Kwa mtoto, kipimo hicho hakisubiriwi. Mwaka 1982, katika kesi ya Ferber, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba picha za ngono za mtoto zaweza kupigwa marufuku hata zisipofikia kipimo cha Miller. Tena, sheria ya mwaka 1988 inawataka watengenezaji wa picha za ngono za watu halisi watunze kumbukumbu za majina na umri wao. Mwaka 2021 Mastercard nayo ilizitaka tovuti za maudhui ya watu wazima zithibitishe umri na utambulisho wa wanaoonyeshwa. Basi tovuti ikikudai kitambulisho cha mtu uliyempiga picha, usiudhike, inajilinda yenyewe.

Inajilinda yenyewe, haikulindi wewe. Masharti ya tovuti ni mapatano kati yako na kampuni, na hayaiondoi sheria ya ardhi unayoikanyaga. Mwalimu mmoja wa Paris alifungiwa ukurasa wake wa Facebook mwaka 2011 baada ya kuweka mchoro wa uchi wa Gustave Courbet, wa mwaka 1866, uliomo katika jumba la Musée d'Orsay. Kampuni ilidai kwamba masharti yake yanaipeleka kesi California. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Paris ilikataa dai hilo, na mwaka 2018 kampuni ikaonekana na kosa la kufunga ukurasa bila kueleza sababu, ingawa mwalimu hakupewa fidia. Hiyo haikuwa kesi ya jinai. Lakini ikiwa maandishi ya kampuni hayakuweza kuifunga mahakama ya Ufaransa, hayataifunga ya kwetu.

Sasa tuutazame mpaka wetu. Nchini Kenya, kifungu cha 37 cha sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 humwadhibu anayesambaza picha chafu au ya faragha ya mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2015 huanzia kifungo cha miaka 7 au faini ya shilingi milioni 20 kwa anayechapisha ponografia. Hapa Uganda, Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vikuu vya Sheria ya Kupinga Ponografia mwaka 2021, na wako waliodhani kwamba mlango umeachwa wazi. La. Sheria ya mwaka 2011 ya matumizi mabaya ya kompyuta ingali inatoa kifungo cha hadi miaka 15 kwa picha za ngono za mtoto. Mtoto, katika nchi zote tatu, ni aliye chini ya miaka 18. Na simu haigongwi muhuri mpakani: picha iliyopandishwa asubuhi upande huu yaweza kutazamwa jioni upande wa pili, mbele ya sheria nyingine.

Kwa hiyo, mchoraji, kabla ya kumkalisha mtu umchore, hakikisha umri wake kwa hati, wala usitosheke na neno la mdomo. Idhini ya kuchorwa iandikwe mbali, na ya kuwekwa mtandaoni mbali; aliyekubali karatasi hajakubali dunia nzima. Kwa aliye chini ya miaka 18, saini ya mzazi haihalalishi picha iliyokatazwa.

Nawe uliyeiona picha yako, au ya mwanao, mahali usipoiruhusu, andika anwani ya ukurasa, jina la akaunti, siku na saa, kisha iarifu tovuti yenyewe iiondoe. Usiitume picha hiyo kwa jirani ili kumwonyesha, wala kwetu kwa simu, kwa kuwa kuituma ni kuisambaza. Njoo kituoni na simu yenyewe.