SOMO: DENI LA MPANGAJI WA TUMBAKU HUTOKA WAPI?



Sisi wa viwandani na wa mashamba ya chai hulipwa mwisho wa mwezi. Mshahara ni mdogo, lakini tunaujua, na tukipunjwa tunagundua mwezi uleule. Leo tumtazame mwenzetu aliyefanya kazi msimu mzima bila kujua atapata nini: mpangaji wa tumbaku wa Malawi. Nazungumza ninayoyajua, maana baba yangu alikuwa mpangaji huko Kasungu.

Mpangaji ni nani?

Jina hili linadanganya. Mpangaji hakuwa mtu aliyekodi ardhi akawa huru. Wengi walitoka wilaya za kusini, ambako watu ni wengi na mashamba ni madogo. Walipakiwa kwenye malori pamoja na wake na watoto mpaka mashamba makubwa ya mkoa wa kati. Kabla ya miaka ya 1990, leseni ya kulima tumbaku ya burley ilikuwa ya wenye mashamba makubwa. Baadaye wakulima wadogo waliruhusiwa, lakini asiye na ardhi aliendelea kuwa mpangaji. Yeye alilima, mwenye shamba alinunua kwa bei aliyoipanga mwenyewe, kisha akauza mnadani.

Kazi ya familia nzima

Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi. Huanzia kitaluni, na kitalu hutaka maji kila siku. Mvua za Novemba na Desemba zikinyesha, miche huhamishiwa kwenye matuta. Kisha kuna palizi, kukata maua, kuchuma, kutunga majani na kuyaning'iniza bandani yakauke kwa hewa kwa wiki nyingi. Mwisho ni kuchambua madaraja na kufunga marobota.

Mama na sisi watoto wanne tulifanya yote hayo. Tulichuma alfajiri, majani yakiwa na umande, tukatapika na kuona kizunguzungu. Wazee walidhani ni malaria. Leo tunajua kwamba nikotini hupenya kwenye ngozi, hasa jani likiwa limelowa. Lakini katika daftari la mwenye shamba lilikuwamo jina moja tu, la baba. Watu sita kazini, jina moja kitabuni!

Deni lilivyotengenezwa

Mbolea, dawa, majembe na mahindi ya chakula vilitolewa kwa mkopo, na bei aliijua karani. Mahindi yalikopwa zaidi Januari na Februari, wakati wa njaa, yalipokuwa ghali.

Tuchukue mfano. Tuseme tumbaku ya familia imethaminiwa kuwa 100. Mbolea na dawa 45, mahindi 40, vifaa 10. Inabaki 5 kwa watu sita. Marobota machache yakishushwa daraja, hiyo 5 hugeuka deni, na deni humfunga mtu arudi msimu wa pili.

Nilipomaliza darasa la nane, baba alitoka ofisini na miche miwili ya sabuni na deni. Shule yangu ikaishia hapo. Baba hakuwa mvivu. Hakuwa na daftari lake. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Yaliyobadilika

Novemba 2019 Marekani ilizuia tumbaku ya Malawi kuingia nchini mwake, kwa sababu ya kazi za kulazimishwa na kazi za watoto. Mwaka 2021 sheria ya ajira ya Malawi ilirekebishwa, na upangaji wa namna hii ukapigwa marufuku. Ushindi huo ni mkubwa. Lakini jina laweza kufutwa na mtindo ukabaki. Pasipo na tawi la chama shambani, sheria hubaki karatasi.

Kwa hiyo tudai mambo manne: mkataba wa maandishi, mshahara wa kila mwezi, kila mtu mzima anayefanya kazi, mke pia, aandikwe kwa jina lake, na mtoto awe shuleni, si bandani.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kwenu, nani hupima kazi yenu, na nani hushuhudia mizani?
2. Je, kuna mkopo wa duka au wa chakula unaokatwa mshahara? Bei yake mnaijua?
3. Ni wangapi hufanya kazi bila kuandikwa?

Kila mmoja aje na daftari lake.